Thomu za Barafuni

Nilizisikia kabla sijaziona. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye jamvi, joto la mchana limenilegeza viungo, nikasikia vitu vigumu vikimiminwa ndani ya bakuli la bati: ko, ko, kokoko. Haukuwa mlio wa mchele, wala wa kunde. Siku zile nilikuwa nang'oka meno ya utotoni, na kila jino lililotoka lilirushwa juu ya paa la kibanda cha kuku, likagonga bati kwa mlio huo huo. Kwa hiyo nilijua, hata kabla ya kufumbua macho, kwamba mama ameleta nyumbani meno ya watu, tena mengi. Nilipoinua kichwa nikayaona kweli, meupe, yamejikunja, yanatoa moshi mwembamba kama wa ubani, na mama ameyainamia akiyachambua moja moja.

"Usiguse," akaniambia. "Zina baridi ya kuunguza."

Zilikuwa punje za thomu, vile vitunguu saumu. Zilikuwa zimetoka kwenye barafu ya Wazungu, Nyali, na mchana ule kaya yetu nzima ilikuwa imening'inia juu yake.

Juzi mtu alinipandia ngazi kuniarifu kwamba Shangazi Rukia amefariki, na kwamba watu wananingojea matangani. Nikasema innalillahi, kwa kuwa ulimi umefundishwa. Alipoondoka nilirudi jikoni, nikaponda thomu za mchuzi, na harufu iliponipanda puani nikajua kwamba sitakwenda. Watu husema maiti hasemwi. Mimi simsemi maiti. Namsema mwanamke aliyekuwa hai, mzima, mwenye vidole laini na sauti ya kubembeleza, aliyetaka kunichukua kwa mama yangu kama mtu anavyochukua kuku uwanjani.

Tulikaa Kisauni, nyumba ya makuti yenye vyumba vitatu na uwanja wa mchanga nyuma. Baba alikuwa baharia wa meli kubwa. Alikuwa akija na sanduku, akakaa hata ngozi yake ikazoea harufu yetu, kisha akaenda zake. Mama alikuwa Mtaita. Alisilimu akaolewa, akapewa jina la Mariamu, akajifunza kufunga buibui, kupika wali wa nazi na kusema "inshallah" mahali pake. Shangazi Rukia, dadake baba, alikuja kwetu alipoachwa na mumewe wa pili. Alikuja kwa siku chache, na haukupita muda ufunguo wa stoo ukawa unaning'inia kiunoni mwake, na mama, mwenye nyumba, akawa anaomba sukari.

Waliitana wifi. Kinywani mwa mama neno hilo lilitoka kwa adabu. Kinywani mwa Shangazi lilitoka kama ganda la muwa lililokwisha kutafunwa.

Siku walipowekeana kiapo, wanawake wa mtaa walikuwa uwanjani kwetu wakimenya viungo vya pilau ya harusi. Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi wa harusi zote za upande ule, na sifa yake ilifika hata ng'ambo ya Nyali. Mimi nilikuwa nimepakatwa naye, nakula visheti kutoka mkononi mwake. Akalalamika kwamba thomu za dukani zimekuwa kavu, meli imechelewa.

"Kwetu twazipanda wenyewe," mama akasema, hata bila kuinua macho.

"Kwenu wapi, wifi? Majabalini kwa nyani?"

Wakacheka. Aliyecheka kupita wote ni Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi. "Mwache, Rukia," akasema huku akipangusa machozi. "Mwenzio aona hata karafuu yaota chini ya kitanda."

"Hata hapa zitaota," mama akasema. "Na zitatia vichwa. Zataka baridi kwanza, basi."

"Baridi! Kisauni!" Bi Tatu akajipiga paja. "Mariamu mwanangu, utazipepea kwa upepeo?"

Mama alikuwa na tabia ya kumeza maneno. Siku ile hakumeza. "Zitatia vichwa," akarudia, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Shangazi hakukizoea, maana aliweka kisu chini.

"Haya, mashahidi ni nyinyi. Thomu ikitia kichwa kwenye mchanga huu kabla ndugu yangu hajarudi, wallahi wabillahi watallahi, n'tatoka nyumba hii kwa miguu yangu na sitarudi. Na isipotia, weye utarudi kwenu Taita, na mtoto utaniachia. Damu yetu hailelewi majabalini."

Nakumbuka sauti ya kunguru, na mkono wa Shangazi ukinipapasa nywele. Nilijiona mkubwa. Nilidhani wananishindania kwa kuwa mimi ni mzuri, kama wanavyoshindania kanga mpya. Mama alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, wifi."

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya Wazungu huko Nyali. Mpishi wa nyumba hiyo alikuwa Mgiriama aitwaye Kalume, na friji ilikuwa chini ya himaya yake. Hata Bibi mwenyewe aliifungua kwa kubisha hodi, ndivyo Kalume alivyopenda kusema. Mama alimwomba nafasi ya makopo mawili ya majani chai ndani ya kile kisanduku cha juu kinachogandisha maji.

"Wewe mama Zuhura," Kalume akamwambia, "thomu nazo zimekosa nini hata uzifunge jela ya Ulaya?"

Mama alikuwa na wazo moja tu, nalo hakulisoma popote. Thomu za kwao, juu milimani, zilipitiwa na ukungu na baridi ya kuingia mifupani, ndipo zikagawanyika. Thomu za dukani zilikuja tumboni mwa meli, katika joto, zikafika zimesahau kazi yake. Pwani zilitoa majani tu, kama nyasi, zikafa. Basi akafikiri: kama mlima hauji Kisauni, barafu itakuwa mlima. Kiasi gani cha baridi kinatosha, hakujua. Alichokijua ni jambo moja, naye alilisema wazi, mbele ya Shangazi, mchana ule nilipodhani ameleta meno.

"Zikishatoka barafuni zimeamka. Aliyeamka hangojeshwi. Leo leo jua likipoa, ziingie udongoni."

Ilikuwa kipupwe. Kusi ilikuwa ikivuma, asubuhi watoto tulijifunika kanga mbili mbili, na mchanga wa kivulini ulikuwa na ubaridi uliopendeza nyayo. Mama alikuwa amekwisha kuchanganya mchanga na samadi ya mbuzi na majani yaliyooza, na tuta lilikuwa tayari. Ndipo Shangazi akatoka chumbani na chetezo cha ubani mkononi, sauti yake imelainika kama samli.

"Wifi, utapanda hivi hivi? Kama mtu asiye na dini?"

Mama akasimama. Ungeweza kumwita mshenzi wa majabali asigeuke. Lakini alikuwa ameacha mengi kwa ajili ya dini ile, na neno hilo lilimpata pasipo na ngozi.

"Kila kitu kina siku yake," Shangazi akaendelea. "Hata mtoto hatiwi chuoni siku ya kisirani. Ngoja nende kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, anitazamie siku njema. Sitaki waseme nilishinda kwa kuwa ulipanda siku mbaya."

Akavaa buibui, akatoka. Aliporudi jasho lilikuwa likimtiririka, uso umeng'aa. "Mwalimu asema ungojee Jumatatu. Siku aliyozaliwa Mtume. Hakuna njema kuliko hiyo." Na kwa mikono yake mwenyewe akalifunika bakuli kwa kawa, zisije zikapata jicho.

Mimi nilimkumbatia kiunoni, ufunguo ukanibonyea shavuni. Niliona ugomvi umekwisha. Nilimwona Shangazi ametembea juani kwa ajili ya mama yangu, na nikafikiri hakuna mtu mwenye huruma kama yeye.

Ilikuwa Jumanne.

Siku iliyofuata nilitikisa bakuli nikasikia mlio umepungua. Punje zilikuwa zimetoa jasho, rangi imekuwa ya manjano, unaona ndani kama kioo kichafu. Baadaye nilipotikisa hazikulia kabisa. Zilijikokota chini ya bakuli kama konokono. Ukumbi ukanuka. Shangazi akachoma udi akasema si neno, ni kuiva. Jumatatu mama alizipanda zote, moja moja, kila moja na bismillahi yake, ingawa nyingine zilimvurugikia vidoleni. Tulingoja. Waliokuja ni siafu tu.

Siku mama alipofukua tuta na kukuta uji mweusi, nilitaka kumtuliza. "Si kitu, mama. Mwalimu akirudi Lamu atakutazamia siku nyingine."

"Akirudi wapi?"

"Lamu. Kaenda maulidini. Chuo kimefungwa tangu kabla hujaleta zile thomu."

Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda Nyali; hakujua nashinda wapi. Aliyejua ni Shangazi, maana nilishinda naye. Mama aliinuka kwenye tuta. Sikuona chozi. Alichukua majivu jikoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaisugua kama mtu aliyeshika mzoga. Kisha akaenda kumsalimu wifi yake, akamuuliza kama angependa chai.

Miezi ile yote hakulisema. Mimi nilidhani amesahau.

Kopo la pili lilikuwa bado Nyali. Kalume, kwa kutafuta pa kuweka samaki wake, alikuwa amelisukuma kutoka kwenye kisanduku cha juu hadi chini ya mlango wa kisanduku hicho, palipokuwa na baridi lakini hapakuganda sana. Mama alilitoa mwishoni mwa kazi, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa, akaja mbio, nami nikimngoja njiani. Hakuketi wala hakunywa maji. Alibonyeza kila punje kwa ukucha: iliyokuwa kama kioo aliitupa kwenye chungu cha mchuzi, na iliyobaki nyeupe na ngumu aliipanda papo hapo, ncha juu, na kuifunika kwa mchanga wa kidole kimoja. Na hakupanda kwenye tuta la zamani. Alipanda chini ya dirisha la Shangazi.

Shangazi alifungua dirisha. "Siku mbaya hiyo, wifi."

"Basi na inidhuru mimi," mama akajibu, akaendelea kufukia.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Tatu. "Bi Tatu, wewe ulicheka. Basi haki yako uje uone. Kila Ijumaa, wewe na wenzako." Wakaja, kwanza kwa mzaha. Kisha majani yalipotokeza kama sindano za kushonea kofia, wakawa hawakosi. Walijadiliana. Walipima kwa vidole. Mama alikuwa amewafanya walinzi wake wale wale waliomcheka, na Shangazi hakuweza hata kufungulia kuku karibu na tuta, maana kila jani lilikuwa na macho saba.

Mara moja alijaribu. Asubuhi moja nilikuta ukingo wa tuta umekuwa mweupe, kama ndevu za mzee. Mama akadonoa kidogo akatia ulimini. Akaukwangua mchanga ule wote, akaubeba kwenye kifuu hadi kwa Bi Tatu, akamwambia, "Onja." Bi Tatu akaonja, chumvi tupu. Hakucheka siku ile.

Jioni mama aliyaimbia majani yale kwa Kitaita, kwa sauti ya chini, akiyamwagia maji ya kisima kwa kata. Niliona wivu. Nilidhani ni wimbo wa kubembeleza watoto, na kwamba anayapenda kuliko mimi. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza maana yake. Akacheka kidogo. Alikuwa akiyaambia yaume meno.

Wakati majani yalipoanza kunyauka ncha, kaskazi ilikuwa imeanza, na mtaa mzima ulikuwa na homa ya bendera. Barazani wanaume walibishana mpaka wakatupiana bao: wengine walitaka Mwambao ubaki na bendera yake nyekundu ya Sultani, wengine walikuwa wamekwisha kununua vitambaa vya rangi mpya za uhuru. Shangazi alisema watu wa bara wanakuja kutukalia vichwani. Alilisema akimtazama mama. Mama alikuwa akihesabu majani makavu.

Siku aliyoichagua, baba akiwa bado baharini, aliwaita wanawake wote waliokuwapo kwenye kiapo. Akawatandikia jamvi, akawapa kahawa na kashata. Kisha akasema, "Wifi, chimbua wewe."

"Mimi? Kwani ni zangu?"

"Chimbua wewe, wasije wakasema nimetia mkono."

Shangazi alitazama nyuso, akaona hapana pa kupitia. Akapiga magoti kwenye mchanga na kanga yake nzuri, akachimba kwa vidole vile laini. Akavuta. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kama ngumi ya mtoto mchanga, kimejaa mizizi na mchanga. Bi Tatu akakipokea, akakipasua. Punje zikagawanyika kiganjani mwake, tano, nyeupe, kila moja na ngozi yake, na harufu ikatupiga sote.

"Subhanallah," akasema mtu.

"Alizinunua dukani!" Shangazi akasema. "Alizinunua akazifukia!"

"Rukia," Bi Tatu akasema, "majani haya tumeyaona yakiwa kama sindano. Na chumvi yako tumeionja."

Mama akasema tu, "Endelea, wifi. Bado nyingi." Akamchimbisha tuta lote. Nyingine hazikuwa na kichwa, nyingine zilikuwa nacho, na kila kilichotoka Shangazi alikiweka miguuni mwa mama. Nilimwona mama akivitazama vidole vile vinavyokatika kucha, na usoni mwake mlikuwa na shibe ambayo sijapata kuiona tena.

Lakini Shangazi alikuwa mtoto wa mji. Jioni ile ile alituliza sauti akasema kiapo kina kafara yake, hata mtoto wa chuoni anajua. Ijumaa akapika sufuria la wali na nyama, akaita maskini kumi, akawalisha mpaka wakashiba na kumwombea dua. Akaingia ndani amejipaka wanja, ufunguo unalia kiunoni, akakaa kwenye kiti chake. Wanawake waliomsaidia kupika walikuwa bado wakisugua masufuria.

"Kiapo changu kimekwisha, alhamdulillahi," akasema. "Mungu ameniwia radhi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Na Mungu umemaliza naye, wifi. Mimi bado. Nataka kukuuliza neno moja, wenzetu wasikie. Ile Jumatatu uliyoniletea, mwalimu alikutazamia lini?"

"Lini? Siku ile ile, kwake."

"Kwake wapi?"

"Kwake! Chuoni!"

"Mwalimu alikuwa Lamu," mama akasema. "Alikuwa maulidini tangu siku za nyuma, na chuo kilikuwa kimefungwa, na mtoto alishinda nawe hapa. Ulikwenda wapi na buibui lako, wifi, ukarudi na jasho? Ulinidanganya kwa jina la Mtume, zikaoza mbele yangu, ili uninyang'anye mwanangu. Hilo nalo lina kafara?"

Bi Tatu aliweka sufuria chini. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini Shangazi aliusikia kama sote tulivyousikia. "Umemsingizia mwalimu, Rukia?" akauliza polepole. "Na siku ya Mtume pia?" Mwanamke mmoja akatema mate pembeni, mwingine akajifunga kanga upya, na ilijulikana bila kutangazwa kwamba harusi ijayo mwiko wa pilau utashikwa na mtu mwingine.

Kuna desturi kwetu. Mtu akikasirika akafunga bindo aondoke, watu humshika. Humwambia, kaa, hasira za nini, nyumba ni yako. Huvuta bindo, humsihi, humlilia. Nusu ya kuondoka ni kuzuiwa. Shangazi alilijua hilo. Alifunga nguo zake polepole, akazifungua, akazifunga tena. Alisema kwa sauti kwamba anakwenda Likoni kwa binamu yake na atafia huko. Alifika mlango wa mbele akasimama, mgongo kwetu, bindo halijapanda kichwani, akaliweka sawa buibui ambalo halikuwa na kasoro.

Alikuwa akingoja.

Bi Tatu akamnong'oneza mama, "Mzuie basi, mwanangu. Hata kwa ulimi tu."

Mama hakusogea. "Ufunguo, wifi," akasema.

Shangazi aliufungua ufunguo kiunoni, akautupa sakafuni. Akatoka kizingitini hatua moja, akageuka, macho yake yakanitafuta mimi.

"Zuhura!"

Mtoto wa pwani akiitwa na mkubwa huitika abee kabla hata hajajua anaitiwa nini. Neno hutoka lenyewe, kama pumzi. Nililisikia likinipanda kooni.

"Zuhura, mwana wangu!"

Nilifumba kinywa, nikauma meno. Alingoja jibu langu, uso umemwelemea upande mmoja, na mama akampita mbele, akashika mlango kwa mikono yote miwili, akausukuma mpaka ukagota, akatia komeo.